Usiache ARV kwa sababu ya dalili

Mtu anayetumia ARV (dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI) akianza kuharisha, kutapika au kukosa usingizi, lawama ya kwanza huangukia dawa, na wengine huziacha kimyakimya. Virusi huanza kuzaliana upya ndani ya wiki chache na vinaweza kuwa sugu. Kumbe chanzo huenda ni malaria au ugonjwa nyemelezi, yaani unaoshambulia mwili wenye kinga dhaifu.

TLD, kidonge kimoja cha kila siku chenye ARV tatu ndani yake, kinaweza kuleta kichefuchefu wiki za mwanzo: kimeze baada ya chakula. Kikikunyima usingizi, kimeze asubuhi. Tunachokihofia zaidi ni dawa za kiungulia zinazonunuliwa dukani, kama vidonge vya magnesiamu. Madini yake hushikana na dolutegravir, mojawapo ya ARV zilizomo ndani ya TLD, nayo ikashindwa kuingia vizuri kwenye damu. Meza TLD saa 2 kabla ya dawa hizo au saa 6 baada yake. Mjamzito anayepewa vidonge vya kuongeza damu anaweza kuvimeza pamoja na TLD, ila tumbo lisiwe tupu. Asipokula, afuate saa hizohizo.

Kwa kuharisha, koroga ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, na unywe glasi moja kila baada ya choo. Pakiti ikikosekana, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Usizidishe chumvi. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Choo kikiwa na damu, au hali ikipita wiki 2, nenda kliniki.

Utando mweupe mdomoni mara nyingi ni fangasi na hutibika. Chakula kikiuma wakati wa kumeza, huenda fangasi wameshuka kwenye umio. Dawa ya kusukutua pekee haitoshi.

Kichwa kinachouma siku kadhaa mfululizo, pamoja na homa, shingo kukaza au kuchanganyikiwa, kisitulizwe kwa Panadol nyumbani. Hasa CD4 (kipimo cha seli za kinga) ikiwa chini ya 200, inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo ya fangasi, nayo huua. Mgonjwa afike hospitali siku hiyohiyo.

Kikohozi, homa, jasho la usiku au kupungua uzito, hata kimoja tu, kinatosha kudai kipimo cha kifua kikuu. Ukianzishiwa matibabu yenye rifampisini, dawa hiyo hulifanya ini liondoe dolutegravir haraka. Ndiyo maana huongezewa dolutegravir miligramu 50 nyingine, saa 12 baada ya TLD.