Nguzo Iliyooza Mguuni

Watu wakijua kazi yangu ni kukagua majengo ya kale, cha kwanza hunionyesha ufa. Nyufa nyingi hazinitishi. Ufa uliojaa vumbi na utando wa buibui umeshatulia siku nyingi; nauwekea alama ya penseli na tarehe, narudi masika yakiisha. Ninachokiogopa mimi ni saruji mpya iliyopakwa rangi juzi.

Niliwahi kuitwa kwenye stesheni moja ya njia yetu hii ya Tanga, jina silitaji. Reli hii ndiyo kongwe kuliko zote Tanzania Bara. Wajerumani walianza kuijenga hapa Tanga mwaka 1893, wakafika Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Treni ya abiria ilipokuja kusimama, ilisimama zaidi ya miaka 20, hadi Desemba 2019 iliporudi kati ya Dar es Salaam na Moshi ikipitia Korogwe. Sasa piga picha: jengo limekaa miaka yote hiyo likibeba njiwa, mara mvua inanyesha, treni imechelewa, na umati na maboksi yake umejibanza barazani.

Stesheni niliyoitwa ilikuwa inang'aa. Ukuta wa mawe na chokaa ulikuwa umepigwa lipu ya saruji, sakafu ya baraza imemwagwa upya. Nikaanza kugonga ukuta kwa mpini wa nyundo. Palipo pazima panajibu kwa sauti kavu. Pale palikuwa panalia kama debe tupu. Chokaa ni laini na inapumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini hupita ndani yake ukatokea nje, ukakauka na upepo. Saruji humfungia mgeni huyo ndani. Maji yakikauka nyuma ya lipu, chumvi inabaki, inaganda chembe chembe na kuisukuma lipu. Na sisi watu wa pwani chumvi tunayo ya kutosha, ya upepo na ya mchanga ambao fundi asiye mwaminifu huuzoa ufukweni. Kipande cha lipu cha kilo kumi kikidondoka kutoka juu ya dirisha la tiketi, hakichagui kichwa.

Lakini kilichoninyima usingizi ni nguzo za baraza. Zilikuwa vipande vya reli kuukuu vilivyosimamishwa wima, chuma cha kuaminika kabisa, na mafundi walikuwa wamemwaga sakafu mpya kuzizunguka miguuni. Kati ya chuma na saruji palibaki upenyo mwembamba kama wembe. Humo maji ya mvua hutuama. Chini zaidi hewa ni haba, kutu huenda polepole. Juu chuma hukauka haraka. Pale mdomoni pa upenyo, maji na hewa vinakutana kila siku. Nikachokoa kwa bisibisi. Kutu ikatoka magamba magamba, kama ganda la kitunguu, na bisibisi ikazidi kuzama. Juu rangi ya kijani, safi, haina hata mkwaruzo.

Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye genge la reli, kundi la vibarua wa kutunza njia, alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilikuwa nimemwamkia shikamoo nilipofika. "Mwanangu," akasema, "sisi tulikuwa tunazizungushia lami hapo chini. Hawa wamezizungushia maji."

Nguzo iliyoliwa hivyo inaweza kubeba paa miaka mingine kadhaa, kwa sababu uzito wa paa unashuka wima. Kinachoiangusha ni kuvutwa ubavuni. Na muuza chai alikuwa amefunga kamba ya turubai lake kwenye nguzo ileile. Kusi ikivuma, turubai linajaa kama tanga la ngalawa, na mguu wa nguzo ndio unaopokea.

Nilichoandika kwenye ripoti hakikuwa kikubwa. Kwanza baraza lifungwe, paa lishikiliwe kwa mirunda. Kisha sakafu ivunjwe kuzunguka kila nguzo, sehemu iliyooza ikatwe, kiungwe chuma kipya, na kitako kinyanyuliwe juu ya sakafu kwa mteremko ili maji yakimbie. Gata za paa zizibuliwe kabla ya kugusa sakafu, la sivyo ni kazi bure. Lipu ya saruji ibanduliwe, irudishwe ya chokaa.

Baraza lilifungwa wiki hiyohiyo. Mengine yanasubiri fedha. Muuza chai kahamishia turubai lake kwenye mwembe.