Miche saba kwa chupa moja: Château Palmer ya 2018

Ukitaka kujua kama ubwiri vinyoya, ugonjwa wa mizabibu, umeingia shambani, usiishie kuangalia jani kwa juu. Juu utaona doa la njano tu, linang'aa kama tone la mafuta ya kupikia lililodondokea karatasi. Ligeuze. Kama usiku ulikuwa na unyevu, upande wa chini utakuta manyoya meupe, laini kama pamba. Siku chache baadaye doa linageuka kahawia, na ugonjwa ukishafika kwenye vichala, punje changa zinasinyaa na kupukutika. Nimegeuza majani ya namna hiyo miaka mingi kwenye mashamba ya zabibu ya Dodoma msimu wa mvua. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kuonja mvinyo mwekundu wa Château Palmer wa mwaka 2018, akili yangu ilikuwa kwenye majani zaidi kuliko kwenye glasi.

Palmer iko Margaux, katika eneo la Médoc, mkoa wa mvinyo wa Bordeaux, kusini magharibi mwa Ufaransa, kwenye udongo wa changarawe karibu na mto Gironde. Jina ni la Charles Palmer, afisa wa jeshi la Uingereza aliyelinunua shamba mwaka 1814. Mwaka 1853 likaenda kwa akina Pereire, watu wa benki, na miaka miwili baadaye mvinyo wake ukawekwa daraja la tatu katika orodha maarufu ya 1855 iliyopanga mvinyo wa Bordeaux kwa madaraja. Tangu 1938 limo mikononi mwa familia za wafanyabiashara wa mvinyo. Ni hekta 66 hivi, zenye zabibu za aina ya Merlot na Cabernet Sauvignon kwa viwango vinavyokaribiana, na Petit Verdot kidogo. Merlot nyingi kiasi hicho si kawaida upande ule wa mto, na jambo hili lina uzito katika habari ya 2018, maana vichala vya Merlot hushikwa na ubwiri upesi kuliko vya Cabernet.

Thomas Duroux alichukua uongozi mwaka 2004. Mwaka 2008 walianza kujaribu kilimo cha bayodinamiki kwenye kipande kidogo, na kufikia 2014 shamba zima lilikuwa limehamia huko. Mfumo huu unatokana na mihadhara aliyoitoa mwanafalsafa Rudolf Steiner mwaka 1924. Samadi hujazwa ndani ya pembe ya ng'ombe, ikafukiwa majira yote ya baridi, kisha ikakorogwa kwenye maji na kunyunyizwa shambani. Kazi nyingine hufuata kalenda ya mwezi. Niseme wazi: habari za mwezi na nguvu za anga sijaziona zikithibitishwa. Lakini kondoo wanaolishwa kati ya mistari wakati wa baridi, nyasi zinazoachwa zifunike ardhi, mboji, miti inayorudishwa shambani, hayo nayaamini bila wasiwasi, kwa sababu ukichimba jembe moja tu kwenye udongo uliotunzwa hivyo unakutana na nyungunyungu, na maji ya mvua yanazama badala ya kutiririka.

Shida ni kwamba udongo mzuri hauzuii ubwiri. Kiumbe chenyewe, *Plasmopara viticola*, kilitoka Amerika na kikaonekana Ufaransa mwaka 1878. Hupitisha majira ya baridi ndani ya majani makavu yaliyoanguka. Wakulima wana kanuni ya makumi matatu: joto la nyuzi 10, mvua ya milimita 10, machipukizi yenye sentimita 10. Yakikutana hayo, vijimbegu huruka na matone ya mvua hadi kwenye jani, vikaogelea kwenye utando wa maji, vikaingia kwenye vitundu vya kupumulia.

Na dawa yake ilipatikana humo humo Médoc. Mwaka 1882 mtaalamu wa mimea Alexis Millardet alikuwa akipita Saint-Julien, si mbali na Palmer, akaona mizabibu ya kando ya barabara ina majani ya kijani wakati mingine imepukutika. Ile ya barabarani ilikuwa imepakwa mrututu, yaani chumvi ya shaba, na chokaa ili wapita njia wasiibe zabibu. Mwaka 1885 akatangaza mchanganyiko huo, nao umezunguka dunia nzima. Mkulima wa kahawa Kilimanjaro anaijua vizuri dawa ya shaba.

Shaba hukaa juu ya jani tu. Haiingii ndani kama zinavyofanya dawa nyingi za viwandani. Mvua ikinyesha inaioshea chini, na jani lililochipua jana halina kinga yoyote. Msimu wa machipuko wa 2018 Bordeaux ilinyeshewa mno. Trekta likiingia kwenye udongo uliolowa linaubana, usipoingia unachelewa, na ukichelewa siku mbili ugonjwa umeshapita. Palmer hawakurudi kwenye dawa za viwandani. Hasara wakaibeba.

Walivuna hektolita 11 kwa hekta, wakati mwaka wa kawaida Médoc hutoa mara tatu ya hapo au zaidi. Tupige hesabu: lita 1,100, yaani chupa zisizofika 1,500. Kwa desturi ya Médoc ya miche kama 10,000 kwa hekta, kila chupa ilihitaji takribani miche saba. Alter Ego, mvinyo wao wa pili, mwaka huo haukutengenezwa kabisa.

Uamuzi ule nauheshimu sana, ila sitamshauri mkulima yeyote wa ekari moja auige. Palmer inauza chupa kwa bei inayoweza kufidia mwaka mbaya. Mwenye ekari moja akipoteza theluthi mbili ya zabibu, amepoteza ada ya watoto. Tena shaba si dawa isiyo na madhara: haiozi, inajilimbikiza ardhini na kuwaua hao hao nyungunyungu. Ndiyo maana tangu 2019 Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 kwa hekta katika miaka saba. Mwaka wenye mvua nyingi unakula akiba ya miaka inayofuata. Mahali pa kuanzia ni mkasi: pogoa, fungua majani, upepo upite, vichala vikauke mapema asubuhi.

Kuanzia Julai mvua ilikatika Bordeaux, jua likawaka hadi mavuno. Mche uliobaki na vichala vichache uliviivisha kwa nguvu zake zote. Mchanganyiko ukawa Cabernet Sauvignon asilimia 53, Merlot 40, Petit Verdot 7.

Glasi yangu ilikuwa nyeusi katikati, na pembeni rangi ya juisi ya zambarau. Harufu ilikuwa ya zambarau zilizoiva hadi zikadondoka zenyewe, na nyuma yake karafuu. Ukakasi ulikuwa mwingi, ila laini, umesagika kama unga. Nilichotarajia ni uzito wa jamu. Nilichokuta ni uchachu mwembamba ulionyooka katikati, ukiubeba utamu wote ule. Nilibakiza kidogo chini ya glasi, nikaifunika kwa sahani. Kesho yake jioni karafuu ilikuwa imepungua, na palikuwa na harufu ya udongo uliopata mvua ya kwanza.