Tangawizi haifiki kwenye sauti: dhana zinazowaponza wanamuziki kabla ya shoo

Mwanamuziki chipukizi wa Tanga hakosi wa kumshauri. Huu ni mji wa Black Star na Lucky Star kwenye taarab, Jamhuri Jazz na Atomic Jazz kwenye dansi, na wazee wanaojua kazi bado wapo. Mengi wanayosema ni dhahabu, lakini yako machache yanayozunguka vijiweni ambayo yanatuumiza jukwaani.

"Kunywa tangawizi na asali, sauti itafunguka."
Nyuzi za sauti ziko ndani ya zoloto, kwenye njia ya hewa. Unachomeza hupita nyuma yake, njia ya chakula, kingezigusa ungepaliwa. Chai ya tangawizi hutuliza koo, nami naipenda, ila nyuzi hulainishwa na maji yaliyokwisha kuenea mwilini, na hilo huchukua saa kadhaa. Shoo ikiwa saa tatu usiku, anza kunywa maji asubuhi, kidogo kidogo, hasa kwa joto letu la Februari. Kabla ya kupanda, pasha sauti kwa dakika 10 hivi: guna taratibu, panda na kushuka, usianze na wimbo mzito.

"Sauti imekauka? Nong'ona, ipumzike."
Kunong'ona kwa kukaza koo huichosha zaidi. Aliyeimba harusi Ijumaa na ana nyingine Jumamosi, anyamaze kabisa asubuhi ile, hata kwenye simu.

"Nyuzi mpya za gitaa zifungwe siku yenyewe."
Uzi mpya huendelea kuvutika, kwa hiyo gitaa litapoteza tyuni katikati ya wimbo. Funga siku moja au mbili kabla, uzivute kwa mkono, utyuni, urudie. Upepo wa bahari nao huleta kutu, basi zifute kila baada ya kupiga. Tafadhali usiache gitaa wala udi ndani ya gari lililofungwa juani: gundi hulainika, mbao huachana. Kwa ngoma za ngozi wazee wako sahihi kabisa. Unyevu huilegeza ngozi, moto huirudisha.

"Mitambo ni kazi ya fundi."
Fundi hajui kwamba wimbo wa tatu una solo ya kinanda. Mpe orodha ya nyimbo mapema. Mkipima sauti ukumbi ukiwa mtupu, kumbukeni kwamba watu wakijaa miili na nguo zao hunyonya sauti nyembamba, hivyo mtahitaji kurekebisha. Ule mluzi wa maiki nao mara nyingi tunausababisha wenyewe, kwa kuielekeza kwenye spika au kuifumbata kichwa kwa kiganja. Kuongeza sauti ya kila kitu si dawa: masikio huanza kuhatarika kwenye desibeli 85 kwa saa 8, na kwenye desibeli 100 muda salama ni dakika 15 tu.

"Tukiweza kuupiga wimbo mwanzo hadi mwisho, tumeiva."
Hapa ndipo ninapotaka tusikilizane. Mazoezini hakuna anayekuja kutunza. Harusini, ubeti wa pili haujaisha, akina mama wanakuja wakicheza, noti mkononi, na mwimbaji anayewapa mgongo amewavunjia heshima. Niliwahi kukaa kwenye gitaa katika harusi moja ambapo mwimbaji wetu alipokea tuzo, akarudi kwenye kiitikio, huku mpiga kinanda ameshaingia ubeti wa tatu. Tulihangaika mizunguko mingi kabla ya kukutana, na bibi harusi akiwa amesimama mbele yetu.

Tangu siku hiyo tunafanya mazoezi tukiwa tumesimama kama jukwaani, na mmoja wetu hutumwa kuja kutunza kwa vipande vya karatasi wakati wowote apendao. Mwimbaji akiinua mkono wa kushoto, tunarudia sehemu ileile; akiushusha, tunaingia ubeti unaofuata pamoja.