Kelele zina mwenyewe

Juzi tena. Safari hii ni jirani yangu hapa Shangani, Mtwara, mtu mzima ninayemheshimu, amekuja kuazima jeki. Akanikuta nafuta santuri barazani, akaweka kikombe chake cha chai ya rangi juu ya jalada la Discharge, bendi ya panki ya Uingereza, roki ya haraka na ya fujo ninayoipenda, akasema: "Njomba, si kelele tu hizo? Zikikwaruzika zisikwaruzike, nani atajua?"

Nikampa jeki. Sikumjibu, maana ningemjibu tungefika magharibi. Lakini hii ni mara ya nne tangu korosho zianze kuanguka, na wa kwanza kusema hivyo alikuwa mke wangu, kwa hiyo leo naandika.

Mengine wanayousema muziki wangu niyamalize haraka. Eti muziki wa Wazungu: Death, bendi ya ndugu watatu Weusi wa Detroit, Marekani, walirekodi mwaka 1975 kitu ambacho leo kila mtu anakiita panki, mwaka mmoja kabla ya albamu ya kwanza ya Ramones, bendi ya New York inayotajwa sana kuwa mwanzo wa panki. Albamu yao ikakaa kabatini hadi 2009. Bad Brains wa Washington ni Weusi, tena wanachanganya na rege. Duma ni vijana wa Nairobi, albamu yao ya 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, lebo ileile inayotoa singeli yetu. Eti unakwenda mbio mno: wewe unayecheza singeli ya mapigo 200 na zaidi kwa dakika hadi alfajiri, na hilo nalo la kuniambia? Eti wa shetani: sina muda.

Langu ni hili la mkwaruzo.

Umekwenda harusini, MC amesogea karibu na spika, maiki ikalia wiiii, bibi harusi akaziba masikio. Mlio ule ndio mpigaji wa noizi roki, roki ya kelele za makusudi, anaoutafuta. Anasimama mahali anapopajua, anaelekeza gitaa kwenye amplifaya, mlio unaanza, naye anaushika. Akirudi hatua moja unashuka, akigeuza bega unabadilika. Sonic Youth, bendi ya New York, waliingiza bisibisi chini ya nyuzi za gitaa. Big Black, bendi ya Steve Albini kule Chicago, walitumia mashine ya midundo ya kampuni ya Roland badala ya mpiga dramu, na kwenye majalada wakaiandika kama mwanabendi mwenzao: Roland. Kelele hizo zina mwenyewe. Mtu alizitaka, akazirudia mpaka zikakaa, akasema hapo hapo, rekodi. Mkwaruzo hauna mwenyewe. Mkwaruzo ni funguo za bodaboda za shemeji yako na mchanga uliotoka nao ufukweni Msimbati Jumapili.

Na hapa ndipo watu wanapokosea kabisa, wanaligeuza jambo miguu juu. Wanadhani muziki laini ndio unaoharibiwa na mkwaruzo, huu wangu unaumeza. Si kweli. Kwenye taarabu, fidla zinavuta, ikipita "tak" sikio linajua hicho si chombo, linakiruka, unaendelea kunywa kahawa yako. Kwenye graindikoa, panki iliyozidishwa kasi na ukali, mpiga dramu yumo ndani ya blasti, yale mapigo ya mfululizo, snea, dramu yenye mlio mkali, inagongwa kwa kasi ambayo huwezi kuhesabu, halafu "tak" ya mkwaruzo inaingia katikati ya snea mbili. Sikio haliiruki. Linaihesabu kuwa ni pigo. Unasema jamaa kateleza, hajui kupiga. Hajateleza! Amefanya mazoezi hadi viganja vikachubuka, wewe unamhukumu kwa kosa la funguo za shemeji.

Tupige hesabu kidogo. Santuri ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8. Mkwaruzo uliokatiza mifereji, ile mistari inamopita sindano, hugonga mara moja kila mzunguko. Sasa chukua albamu "Scum" ya Napalm Death, bendi ya graindikoa ya Birmingham, Uingereza, ya mwaka 1987. Wimbo wa mwisho upande A, "You Suffer", una maneno manne na urefu wa sekunde 1.3 hivi. Yaani wimbo mzima unakwisha kabla santuri haijamaliza mzunguko mmoja! Mkwaruzo ukikaa pale, hujapoteza sekunde ya wimbo, umepoteza karibu wimbo. Isitoshe, uko ndani, karibu na ile karatasi ya katikati. Ukingoni, mfereji wa santuri ya inchi 12 hupita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 50 na kitu kwa sekunde, lakini ukifika ndani kabisa umeshuka hadi kama 20. Matoazi yaleyale yanabanwa kwenye nafasi chini ya nusu. Sindano yenyewe inahangaika, halafu unaniambia vumbi si neno.

Hapa Mtwara kazi ni mara mbili. Unyevu wa bahari unaleta ukungu, na ukungu unaanzia kwenye karatasi za jalada na alama za vidole. Santuri zangu zimesimama wima, mbali na ukuta, na chini ya bati sihifadhi kitu tangu santuri yangu moja ndogo ya inchi 7 ilipojikunja kama kisamvu kilichosahaulika juani. Kusafisha: maji ya betri, yale ya kuongezea, SIYO asidi, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa cha miwani, na unafuata mfereji, hukatizi. Santuri za babu za mizunguko 78 usizipake spiriti, zile ni shelaki, inayeyuka. Usiniulize nimejuaje.

Lakini kuna siku nami sijui kipi ni kipi. Panki nyingi zilirekodiwa kwa bei ya karanga, na uchafu mwingine ulikuwamo kwenye tepu kabla santuri haijazaliwa. Nina njia zangu: "tak" ikirudi kila sekunde 1.8, ni mkwaruzo. Amplifaya yangu ya zamani ina kitufe cha mono, kinachounganisha sauti za spika mbili kuwa moja. Nikikibonyeza, sehemu kubwa ya kelele za vumbi hupungua, kwa sababu vumbi huirusha sindano juu na chini, na mono hubakiza mwendo wa kushoto na kulia tu. Pamoja na ujuzi wote huo, niliwahi kuosha santuri moja wiki nzima, asubuhi na jioni, nikiufukuza mvumo fulani. Mwishowe jamaa wa Dar mwenye santuri kama ile akanirekodia ya kwake kwa simu. Mvumo ni uleule. Ulikuwa na mwenyewe, na mimi nilikuwa nauosha.

Na kuna baya zaidi. "Scum" yangu ya kwanza niliinunua imekwishakwaruzwa, upande B, nikaisikiliza hivyo miaka. Baadaye nikapata nyingine, safi, kwa pesa ambayo nyumbani nimeitaja nusu. Nikaiweka, nikakaa. Pale mahali pa "tak" papo kimya, dramu inapita tu, na mimi nimeinua kidole nikiisubiri. Haikuja. Nikasikia kama wimbo umepungukiwa. Nikaitoa nikarudisha ile mbovu, na ndiyo iliyo kwenye mashine hadi leo. Safi ipo kabatini.

Jirani sijamwambia hili. Jeki yangu bado anayo.