Gome halingoji kesho

Mvua za Machi zikishaanza huku Mpigi, Uganda, siku zangu hazipangwi na mimi tena, zinapangwa na mti uitwao mutuba. Mutuba huvunwa wakati wa mvua, gome likiwa limejaa maji, na ukishaliondoa mtini hakuna cha "nitamalizia wiki ijayo". Nimefanya kazi hii ya lubugo, yaani nguo ya gome, kwa miaka 17, na karibu kila ninachojua kuhusu furaha nimekijulia hapo bandani, nyundo ikiwa mkononi.

Mimi si Mganda kwa kabila. Nilizaliwa Tororo kwenye nyumba za reli, tulikokua na Kiswahili midomoni. Ufundi nimeukuta ukweni. Baba mkwe wangu ni wa ukoo wa Ngonge, fisi-maji, ambao kwa desturi za Buganda ndio wenye kazi hii. Nilipokuja kuposa, alinitazama mikono kabla ya uso.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Gome la nje hukwanguliwa kwanza. Kisha shina hukatwa juu na chini, likapasuliwa kwa urefu, na gome la ndani likavuliwa polepole likiwa kipande kimoja. Mti ulioachwa uchi hufungwa majani ya mgomba, kama unavyofunga kidonda, ili uote gome jipya. Ukitunzwa vizuri unaweza kukuvisha kwa miaka 40. Gome hupitishwa motoni lilainike, ndipo kutwanga kunaanza. Nyundo za mbao ni tatu, zote zenye mifereji: ya kwanza ina mifereji mipana, ya pili ya wastani, ya mwisho myembamba sana. Tunatwanga juu ya gogo kwa saa kadhaa, chini ya banda, maana jua likiliwahi gome, limekwisha. Gome linatanuka mbele ya macho yako hadi linakuwa shuka. Mwishoni ndipo jua linaruhusiwa: linatandazwa nje, na ile rangi ya maziwa inageuka kuwa ya udongo wa kichuguu.

Sasa hapo kwenye kutwanga ndipo nilipomwelewa Mathayo. "Basi msisumbukie ya kesho," anasema katika sura ya 6, na kwa miaka mingi niliusikia mstari huo kama karipio. Wahubiri wetu wanapenda kuupaza: furahini, acheni wasiwasi! Lakini mtu mwenye karo ya watoto watatu haachi wasiwasi kwa kuamriwa. Mawazo hayatoki kichwani mpaka mikono ipewe kitu kisichosubiri. Gome linanipa kitu hicho. Nyundo ya pili ina mlio wake, na mlio ukibadilika lazima nijue kama pale pamelainika au panakaribia kutoboka. Sikio likiwa huko, haliwezi pia kuwa benki.

Na simaanishi tusipange. Baba mkwe alipanda mituba yake akijua itapita miaka kabla hajaigusa kwa kisu. Kupanda ni kazi ya leo vilevile. Kinachotuua ni kubeba kesho mgongoni huku tunafanya ya leo kwa mkono mmoja. Wana wa Israeli walipojaribu kuiweka mana hadi asubuhi, iliingia mabuu ikanuka. Sijui chakula kingine katika Biblia chenye ukali kama ule. Halafu Bwana akatufundisha kuomba riziki ya leo, si ya mwezi.

Hata mimi nimewahi kuibeba kesho. Mwaka mmoja tulikuwa na gome zuri mno, pana, halina hata fundo. Simu ikalia, mtu ananidai. Nikatoka bandani na gome begani, nikaliweka ukingoni penye jua, nikaanza kubishana, kuahidi, kuhesabu hela ambazo sikuwa nazo. Niliporudi, kingo zilikuwa zimekauka kama mkate wa juzi. Nilipotwanga, likapasuka pembeni. Baba mkwe hakunigombeza. Alichukua sindano na uzi wa ukindu, akanipa kipande kidogo cha lubugo, akasema, "Mwanangu, deni umelipa?" Sikuwa nimelipa chochote.

Wapo kanisani wanaoniuliza Mkristo anafanya nini na lubugo, kitu cha masabo, yaani nyumba za ibada za jadi, na cha maziko. Swali ni halali, kwa sababu ni kweli huko linatumika. Lakini kabla wafanyabiashara wa pwani hawajaleta vitambaa vya pamba katika karne ya 19, lubugo ndiyo iliyokuwa nguo ya watu huku, ya kabaka, mfalme wetu wa Buganda, na ya mkulima. (Nacheka peke yangu nikikumbuka kwamba lugha yangu na merikani iliyoisukuma lubugo pembeni zilifika kwa msafara mmoja.) Nami huwajibu kwa kitabu cha Kutoka, sura ya 31: pale Mungu anasema amemjaza Bezaleli roho yake, na kazi anayompa ni ya mikono, kuchonga, kufua dhahabu, kukata vito. Hakumpa mahubiri.

Huna mutuba? Tafuta kisichongoja. Muuza rolex wa stendi, yaani chapati iliyokunjiwa mayai, mayai yakiwa kwenye kikaango, hana nafasi ya kuhuzunikia jana. Mwangalie uso wakati anakunja chapati. Udongo wa mfinyanzi ni hivyo, na sauti ya tatu katika kwaya ni hivyo. Mimi ninashuku tu kazi unayoweza kuiacha katikati ukaifungua mwezi ujao ikiwa vilevile. Hiyo haikudai kitu.

Lile gome lililopasuka tulilimaliza. Leo ni pazia la mimbara kanisani kwetu. Mchungaji alitaka kiraka kigeuzwe upande wa ukutani, nikamwomba akiache mbele. Jumapili ya mavuno mama mmoja mzee alikipapasa kwa kidole, akauliza, "Hapa palikuwa na nini?" Nikamwambia: simu. Alicheka hadi akashika mimbara.