Mtoto Mchanga na Bwawa la Kuogelea

Kila Desemba, hoteli na nyumba za kukodi za hapa Malindi zinapojaa familia, wazazi huniuliza, kwa kuwa nafundisha watoto kuogelea, mtoto aanze akiwa na umri gani. Kuzoea maji akiwa mikononi mwa mzazi kunawezekana tangu miezi 6 hivi, shingo inapokuwa imekaza. Mafunzo ya kuogelea ni jambo jingine: Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinayapendekeza kuanzia mwaka 1, kwa sababu hakuna ushahidi kwamba kabla ya hapo yanapunguza hatari ya kuzama. Kwa hiyo mtoto wa miezi 8 anayefurahia maji bado hana kinga yoyote ila mkono wako.

Baridi huwashangaza wengi, maana nani angeiogopa Malindi? Mwili mdogo hupoteza joto upesi, na maji yanayomfaa mtoto mchanga ni ya nyuzi 32 hivi, ilhali mabwawa mengi huwa chini ya hapo. Wakati wa kusi, upepo humpiga akiwa ameloa na hali huwa mbaya zaidi. Dakika 10 zatosha kwa mara ya kwanza. Midomo ikibadilika rangi au kidevu kikitetemeka, mtoe mara moja na umfunge kanga kavu.

Ingia wewe kwanza, hadi maji yakufike kifuani, kisha umpokee ukimshika kwapani, uso wake ukielekea wako. Mshushe polepole mpaka mabega yalowe, umsemeshe, urudi nyuma hatua chache ili ahisi maji yakipita mwilini. Usimzamishe kichwa, hata kama umeambiwa kwamba watoto wachanga huziba koo wenyewe. Hali hiyo haiaminiki, na mtoto anaweza kumeza maji mengi kiasi cha kuvuruga chumvi ya damu.

Anayeharisha asiingie kabisa. Klorini haiui vimelea vyote upesi, na nepi za kuogelea hazizuii choo chepesi kutoka.

Linaloninyima raha ni nyumba ambazo sebule hufunguka moja kwa moja bwawani. Mtoto huzama kimya kimya, bila kupiga kelele, wakati mama anadhani yuko na shangazi, na shangazi anadhani yuko na yaya. Mtu mzima mmoja atajwe kwa jina kuwa ndiye mlinzi, akae umbali wa kumfikia mtoto kwa mkono, simu akiiweka kando. Maboya ya kujaza upepo ya mikononi huchomoka au kupasuka, hivyo yasihesabiwe kuwa ulinzi. Mwenye nyumba azungushe ua wa kimo cha angalau mita 1.2 pande zote nne, wenye lango linalojifunga lenyewe, na vitu vya kuchezea viondolewe majini watu wanapotoka, kwa kuwa ndivyo vinavyomvuta mtoto arudi peke yake.

Akitolewa majini bila kupumua, usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mpulizie pumzi kwanza, kisha ukandamize kifua, huku mwenzako akitafuta gari la kuwafikisha hospitali.