Shimo lako halijai kwa sababu linamwagika kwa jirani

"Injinia, hilo shimo la choo lina miaka 15 na halijawahi kujaa." Wiki iliyopita nimeambiwa hivyo tena, na mwenye nyumba alisimama pembeni ya mfuniko akisubiri nimsifie. Likafuata neno la pili, ambalo halikosi kufuata: "Udongo wa huku mzuri, unachuja." Nafanya kazi ya majitaka hapa Dar es Salaam, na maneno hayo nayasikia Mbezi, nayasikia Tabata, kwa mzee aliyejenga miaka ya themanini na kwa kijana aliyemaliza kupaua juzi. Siku hizi nayasikia hata kwa wachimba visima, na hapo ndipo uvumilivu unaponiishia.

Tupige hesabu kidogo. Nyumba ya watu sita, kila mmoja akipeleka chooni na bafuni lita 30 tu kwa siku, ni lita 180. Kwa mwaka ni lita 65,700. Kwa miaka 15 zinakaribia lita milioni moja. Shimo lenyewe likijaa hadi mdomoni linabeba labda lita 8,000. Zilizobaki ziko wapi? Chini ya mfuniko wa zege hakuna jua wala upepo wa kuzikausha. Zimeshuka ardhini, na upande wa pili wa ukuta jirani ana kisima kinachouza maji kwa ndoo.

Nilimwomba fundi afungue mfuniko. Matofali ya saruji yalikuwa yamepangwa kwa kuachiana nafasi ya vidole viwili, na chini hapakuwa na sakafu, mchanga mtupu. Ukutani kulikuwa na mistari miwili. Wa juu mweusi, umekauka, nusu mita hivi chini ya mfuniko. Wa chini ulikuwa bado mbichi, ndipo maji yalipoishia siku ile. Nikauliza ule wa juu ni wa lini. "Huo wa masika," mwenye nyumba akanijibu bila wasiwasi. "Masika yanapanda, halafu yanashuka yenyewe."

Watu sita hawaendi chooni zaidi wakati wa masika. Kilichopanda ni maji ya chini ya ardhi, yakaingia shimoni kupitia zile nafasi za matofali, na mvua zilipokwisha yakashuka pamoja na kila yalichochanganyika nacho. Shimo la namna hiyo limesimama ndani ya maji. Udongo unaosemwa kwamba unachuja haumo kati ya choo na maji, umeshapitwa. Mafundi wengi huchimba makusudi mpaka wafike kwenye mchanga wenye maji, kisha wanamwambia mteja shimo "limepata kunywa". Mteja anafurahi na analipa.

Sasa niutendee udongo haki, kwa sababu kazi yake naiheshimu kuliko wanaousifia. Udongo usiojaa maji, wenye hewa katikati ya chembe zake, ni mtambo mzuri kuliko mingi inayojengwa kwa zege. Mayai ya minyoo mikubwa ya tumbo (Ascaris) yana ukubwa wa mikromita 40 hadi 60 hivi, na mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Hayo hukwama mapema. Bakteria wana ukubwa wa mikromita moja au zaidi kidogo, wananaswa, wananata kwenye chembe, wanaliwa na viumbe wengine, wanakufa. Virusi ni wadogo mno, nanomita 20 hadi 100 kwa wengi wao (nanomita elfu moja ni mikromita moja), hao hawazuiwi na matundu bali na kunata tu, na kunata kunategemea aina ya udongo na chumvi iliyomo majini. Fosforasi hushikwa na chuma na alumini iliyo kwenye udongo mwekundu, mpaka nafasi ziishe.

Yote hayo yanahitaji maji yapite polepole, kama utando mwembamba kuzunguka chembe, si kwa kujaza matundu yote. Kinachoyapunguza kasi ni ule utelezi mweusi unaojijenga sakafuni na kwenye kuta za shimo linalopokea maji kutoka kwenye karo, yaani tangi la kwanza la majitaka ambamo tope hushuka. Ule utelezi ni bakteria na takataka laini. Wenye nyumba wanauchukia kwa sababu unafanya shimo linywe taratibu, na fundi anaitwa aukwangue au achimbe zaidi. Ndugu zangu, ndio unaofanya kazi mliyodhani inafanywa na mchanga! Kwenye mchanga mpya, mweupe, maji yanateremka kwa kasi na vijidudu vyake. Shimo linalokunywa kwa shida kidogo ni salama kuliko linalogugumia.

Lakini hata udongo bora kabisa, mkavu, wenye utelezi wake na mita tano za hewa chini yake, unaachia kitu kimoja kipite. Hapa naomba usikimbie, maana ndipo penye kosa kubwa.

Mkojo na kinyesi vina naitrojeni. Mtu mzima hutoa kati ya kilo 2 na 4 kwa mwaka kutegemea chakula chake, sehemu kubwa kwenye mkojo. Ndani ya karo inakaa kama amonia. Ikitoka na kukutana na hewa kwenye udongo, bakteria wanaigeuza nitriti, kisha nitrati. Kwa hiyo ule udongo wenye hewa tuliousifia kwa kuua vijidudu ndio huohuo unaotengeneza nitrati. Nitrati ina chaji hasi, na udongo wa mfinyanzi nao una chaji hasi, basi vinasukumana. Hainaswi, hainati, inakwenda maji yanakokwenda. Kuitegemea ardhi iichuje ni kama kupitisha maji ya chumvi kwenye kitambaa ukitegemea yatoke matamu.

Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 20, watu sita, kilo 3 kila mmoja: kilo 18 za naitrojeni kwa mwaka. Tuseme milimita 200 za mvua zinafika chini kwenye maji. Kwa kiwanja hicho ni lita 80,000. Ongeza zile 65,700 za chooni na bafuni. Ikigeuka nitrati yote, unapata karibu miligramu 550 za nitrati kwa lita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni 50. Hata nusu ikipotea njiani, bado uko zaidi ya mara tano ya kiwango. Hesabu hiyo haina umbali ndani yake. Ukisogeza choo kona ya mbali, jirani wa upande ule naye amesogeza chake kwako. Mtaa uliobanana ambao kila nyumba ina shimo na kila nyumba ya tatu ina kisima unakunywa mkojo wake wenyewe, na mpangilio wa mashimo hauwezi kubadilisha hilo.

"Sisi tunachemsha." Chemsheni, kwa ajili ya bakteria na virusi ni jambo jema kabisa. Nitrati haifi kwa moto kwa sababu haiishi. Maji yakipungua sufuriani yenyewe inazidi kukolea. Dawa ya klorini haiigusi. Chujio la mshumaa haliigusi. Na haina rangi wala harufu, kwa hiyo yule anayeniinulia glasi dhidi ya mwanga na kusema "angalia yalivyo maangavu" hajanionyesha chochote. Anayepaswa kuogopewa zaidi ni mtoto mchanga anayepewa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo: nitrati ikigeuka nitriti mwilini mwake, damu yake inashindwa kubeba oksijeni. Wataalamu bado wanabishana kama nitrati peke yake inatosha kuleta hali hiyo au mpaka mtoto awe pia na maambukizi ya tumbo. Kwa mitaa yetu, ambako choo kilekile kinaleta vyote viwili, ubishi huo haunipunguzii hofu.

Halafu kuna mita 30. Kila mtu anazijua. Mwongozo wa misaada ya dharura wa Sphere unasema choo kiwe mita 30 kutoka chanzo cha maji ya ardhini, NA kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji hayo. Nusu ya pili imesahauliwa na karibu kila mtu, mimi ningeitanguliza. Mita 30 zenyewe zinategemea mchanga na pampu. Kwenye mchanga wa wastani, usawa wa maji ya ardhini ukishuka nusu mita kwa kila mita 100, maji yanasogea kama sentimita 20 kwa siku, na mita 30 yanazimaliza kwa miezi mitano. Washa pampu kutwa nzima, mteremko karibu na kisima uwe mita 5 kwa kila mita 100, na safari ileile inaisha kwa siku 15. Ujerumani na Uingereza hupima kwa muda: eneo la ulinzi ni umbali ambao maji yanautembea kwa siku 50, kwa kuamini bakteria wengi watakuwa wamekufa. Kuna virusi wanaodumu zaidi ya hapo kwenye maji ya baridi ya chini ya ardhi.

Kwenye matumbawe, Unguja upande wa maweni, Mombasa, Kilifi, sahau kabisa mita. Maji hayapiti kwenye chembe, yanapita kwenye nyufa na mapango, na yanaweza kutembea mamia ya mita kwa siku moja. Huko hakuna kuchuja kwa kuzungumzia.

Vitabu vyetu vinaandika kana kwamba ukipima kisima utajua nani kakichafua. Mara nyingi hatujui. Nikikuta E. coli, bakteria wa kinyesi, kwenye kisima, inaweza kuwa imetoka kwenye choo kilicho umbali wa mita 12, au imeingia kutoka juu kwa sababu mchimbaji hakuziba kwa saruji nafasi iliyo nje ya bomba, au imeletwa na ndoo na kamba. Kwa visima vifupi vya mikono mimi hushuku mdomo wa kisima kwanza. Kloridi ingetusaidia, kwa kuwa inasafiri pamoja na mkojo, ila pwani maji ya bahari nayo yanaingia visimani na kloridi yake; uwiano wake na bromidi, chumvi nyingine ya majini, unaweza kuvitofautisha, na maabara nyingi hazipimi bromidi. Pia majibu yakionyesha nitrati ndogo watu hunipungia karatasi kwa furaha. Pale shimo liliposimama majini, hewa haipo, naitrojeni inabaki kuwa amonia. Nitrati ndogo yenye amonia nyingi inamaanisha majitaka yamefika kisimani kabla ya kupata hata hewa. Na hesabu yangu ya kiwanja ina tundu kubwa: kiasi gani cha nitrati kinarudishwa hewani na bakteria wa sehemu zisizo na oksijeni kinabadilika mno hata ndani ya mtaa mmoja, na sijui njia ya kukitabiri bila kuchimba na kupima.

Dawa za unga za "kumaliza kinyesi" nitazipitia haraka: watafiti wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Durban, walizipima na hawakuona tofauti na shimo lisilowekwa kitu. Kutapisha choo wakati wa mvua, yaani kukifungulia kimwagike na maji ya mvua, sina haja ya kukueleza ubaya wake. Kila anayefanya hivyo anajua anamfanyia nani.

Basi ufanyeje? Kama mtaa una bomba la majitaka, unganisha, hata kama ada inauma. Kama hauna, jenga karo lenye vyumba viwili, sakafu na kuta zisizovuja, na livutwe kila miaka miwili hadi mitano, gari limwage kwenye mabwawa kama ya Vingunguti, ambako jua, muda na mwani vinafanya kazi. Karo halitibu majitaka; linashusha tope na kuzuia mafuta, na maji yanayotoka bado yamejaa vijidudu. Yanayotoka usiyapeleke kwenye shimo la mita nne. Yatawanye kwenye mifereji mipana ya kina kifupi, nusu mita hadi mita moja, yenye kokoto na bomba la matundu, juu kabisa kwenye udongo wenye hewa na mizizi. Migomba na nyasi hula sehemu ya ile naitrojeni. Shimo refu halina wa kuila. Mikocheni, Msasani na mabonde yote ambako maji yako karibu, hata mfereji unahitaji tuta la udongo ulioletwa, au choo kinachotenga mkojo, au tangi lisilovuja kabisa la kuvutwa, na ndiyo, ni ghali.

Kisima kilichopo usikifukie kwa hasira. Kizibwe vizuri mdomo, maji yake yafue na yaoshe gari, ya kunywa yatoke kwingine mpaka upime. Ukienda maabara usiombe "kipimo cha maji" na kurudi na karatasi ya rangi na pH. Omba nitrati, amonia, kloridi na E. coli, na upime mara mbili: mwisho wa kiangazi, na katikati ya masika wakati ule mstari wa juu ukutani mwa shimo umelowana.